Dume la Babu Halikuvuka Ukuta

Siku ya saba baada ya sungura wangu Masizi kuzaa, nilimulika kisanduku chake kwa tochi ya simu, nikahesabu mara mbili, kisha nikajifunga leso na kutoka kwenda kugombana na jirani.

Watoto walikuwa saba. Wote saba walikuwa na rangi ileile ya kijivu chenye hudhurungi, rangi ya sungura wa porini. Na mimi nilikuwa nimempandisha Masizi, ambaye ni mweusi ti, kwa Bafta, ambaye ni mweupe pe, macho mekundu kama mbegu za komamanga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mweusi na mweupe watazaa weusi, au weupe, au wakichanganya sana watatoka na mabaka kama ng'ombe. Kijivu kilitoka wapi? Mtaa mzima wa kwetu hapa Barani, Malindi, nilimjua sungura mmoja tu wa rangi ile, nalo ni dume la babu, nyuma ya ukuta wangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Mbona mapema hivi?"

Alikuwa kakaa chini anashona makuti. Sikukaa. Nikamwambia dume lake limeruka ukuta, limempanda jike wangu, na mimi nimeshachukua pesa za watu waliotaka weupe. Babu akashona pindi mbili tatu kabla ya kunijibu.

"Dume langu limeruka ukuta," akasema, "likafungua komeo lako, likamaliza haja yake, likatoka, likafunga komeo, likarudi kulala. Basi mama, huyo si sungura wa mchuzi tena. Huyo ni wa kuandikwa kazi."

Nikaondoka bila kuaga.

Niseme kwanza niliingiaje kwenye sungura, maana watu huniuliza. Mimi ni muuza mahamri na mbaazi. Kufika saa tatu asubuhi karai limepoa, na siku nzima bado iko mbele. Mbuzi nilijaribu, wakanitia kwenye kesi ya nguo za watu kambani. Sungura halii, hatoki, anakula majani ya viazi vitamu na ukoka wa kando ya njia, na mimba yake ni siku 30 au 31 tu. Wa kwanza kuniuliza kama nyama yake ni halali alikuwa mamangu mzazi. Shekhe wa msikiti wetu akamjibu kuwa wanazuoni wa Kisunni walio wengi wameiruhusu, yakaisha. Nyama huichukua mpishi wa hoteli moja, kwa kuwa Malindi ina Waitaliano wengi na kwao sungura ni kitoweo cha heshima. Mpishi hajali rangi, anapima kilo. Wanaojali rangi ni watoto, na watoto wana baba zao, na baba zao huja kwangu wiki moja kabla ya Idi. Ndipo rangi ilipogeuka kuwa pesa, na ndipo nilipoanza kukosea.

Aliyenitoa ujinga ni binti yangu, wakati ule yuko kidato cha nne. Nilirudi kutoka kwa babu nikinung'unika, yeye yuko barazani na daftari la bayolojia gotini.

"Mama, nani alikwambia Bafta ni mweupe?"

Nikamtazama usoni nione kama ananitania.

"Bafta hana rangi. Kuwa mweupe ni jambo jingine."

Akanieleza kwamba kila mnyama ana jeni mbili (yaani maagizo anayorithi) kwa kila jambo, moja ya baba na moja ya mama, na akizaa humpa kila mtoto moja kati ya mbili hizo, kama bahati nasibu. Rangi ya sungura haiamuliwi na jeni za mahali pamoja. Kuna mahali panapoamua kama rangi itatengenezwa au haitatengenezwa kabisa. Kuna mahali pengine panapoamua kama itakuwa nyeusi au ya kahawa. Pengine tena panaamua kama itaenea unywele mzima au itakaa kwa mistari. Bafta, jeni zake zote mbili za pale pa kwanza ni mbovu. Hatengenezi rangi hata kidogo, hata machoni. Ule wekundu ni damu inayoonekana ndani ya jicho. Lakini hizo jeni nyingine anazo zote, nzima, zimekaa kimya kwa kukosa kazi.

Mimi nililielewa kwa njia yangu. Kaa mlangoni pa nyumba ya harusi hapa kwetu saa za magharibi. Wanawake wanaingia mmoja mmoja, wote mabuibui, huwezi kusema nani kavaa nini. Wakishafika ndani na milango ikafungwa, buibui likivuliwa, hapo ndipo utaona dhahabu, hariri, zambarau, kijani cha kuumiza macho. Bafta kavaa buibui, basi tu lake ni jeupe. Chini ya buibui lile amevaa rangi ya porini, na nguo hiyo anayo mara mbili, kwa hiyo kila mtoto wake lazima apate moja. Masizi hana buibui la kumrithisha mtu. Aliwapa watoto wote saba jeni nzima ya kutengeneza rangi, na jeni moja nzima inatosha. Buibui la baba likavuliwa. Rangi ya porini ikatokea, na kwa kuwa ina nguvu kuliko weusi, ikaufunika weusi wa mama yao.

Wiki mbili baadaye, manyoya yao yalipokua, binti yangu akamweka mmoja mapajani na kumpuliza mgongoni, taratibu, kama unavyopuliza chai. Manyoya yakafunguka, yakawa duara. Chini kabisa karibu na ngozi kijivu cha moshi, juu yake pete ya rangi ya tangawizi, kisha ncha nyeusi. Unywele mmoja, rangi tatu. Tumbo lilikuwa jeupe, na chini ya mkia pia. Nikamtoa Masizi nikampuliza yeye: weusi juu, na kwenye mizizi kijivu cha kukolea, pete hamna. Mimi niliyekuwa nikiwashika wanyama hawa kila siku kuwabadilishia maji, sikuwahi kuwapuliza.

Jioni ile nilipeleka mahamri kumi na bakuli la mbaazi nyuma ya ukuta. Babu akapokea, akala mbili mbele yangu, akafuta vidole. "Mimi nimeshaombwa radhi," akasema. "Dume langu je?" Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Tangu siku ile kila nikipita humkumbusha mtu aliye karibu kwamba dume lake bado linanidai.

Binti yangu anasema mambo haya aliyagundua mtawa mmoja, Mendel, kwa kupanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno, akachapisha 1866, na hakuna aliyemjali mpaka 1900. Angekuwa Malindi angetumia mbaazi, na mimi ningemwuzia. Kile kimraba cha kugawa jeni wanachochora wanafunzi kina jina la Mwingereza aitwaye Punnett, na Punnett huyo mwenyewe alitumia miaka mingi kuchunguza rangi za sungura. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nilidhani ni hesabu ya mtu wa karatasi, kumbe ni ya mtu aliyesafisha vizimba, au angalau aliyemlipa mtu avisafishe.

Kimraba hicho nilikihitaji mapema. Nilipowatenga wale watoto saba, madume huku na majike kule, nilimsoma mmoja vibaya. Sungura mchanga ukimbonyeza pale chini, dume hutoka kijibomba na jike hutoka kama ufa, na mimi usiku ule taa ilikuwa imepotea. Mwezi wa tano wa umri wao nikakuta manyoya yaliyong'olewa kifuani yametapakaa kizimbani, na ndani yake watoto wanane. Ndugu na dada. Sikupenda, wala sishauri mtu, lakini walishazaliwa.

Safari hii vizimba vilikuwa na kufuli. Hakukuwa na wa kumsingizia. Na wale wanane walikuwa watano wa porini, mmoja mweusi kama bibi yake, na wawili weupe wenye macho mekundu.

Tulikaa chini tukachora. Kila mzazi ana buibui moja lililojificha na weusi mmoja uliojificha. Mraba ukatoka na vyumba kumi na sita: tisa vya porini, vitatu vyeusi, vinne vyeupe. Binti akanionya nisiuchukue mraba kama risiti. Vyumba kumi na sita si watoto kumi na sita. Kila mtoto anachomoa upya, na uzao mmoja unaweza kutoka wote wa porini bila mraba kuwa umedanganya. Lakini ukikusanya uzao juu ya uzao, daftari linaanza kuusogelea. La kwangu limeusogelea.

Kilichonishika zaidi ni wale weupe wawili. Ukiwaweka pamoja huwezi kuwatofautisha hata ukilipwa. Ila mmoja anaweza kuwa mweusi chini ya buibui na mwingine wa porini, na mpaka azae na mwenye rangi hutajua. Hapo ndipo nilipoacha kuandika "mweupe" kwenye daftari. Naandika "buibui", kisha mbele yake naandika wazazi. Weupe wawili wa macho mekundu siku zote watazaa weupe watupu, hilo halina mjadala, kwa kuwa hakuna kati yao mwenye jeni nzima ya kutoa. Weusi wawili wa namna ya Masizi hawatazaa wa porini, maana mwenye rangi ya porini na asiye na buibui hawezi kuificha. Mambo mawili hayo tu, ukiyashika, yanakuokoa na muuzaji mwongo.

Katika uzao uliofuata wa jamaa hii (safari hii si ndugu, binamu) alitoka Jivu, jike wa rangi ya samawati ya moshi, manyoya yake kama majivu ya mkaa yaliyomwagiwa maji. Weusi wake ni uleule wa Masizi, ila kuna jeni inayoufanya uzimuliwe, na lazima uipate kutoka pande zote mbili. Vizazi viwili ilipita ndani ya nyumba yangu bila mtu kuiona. Jivu simuuzi.

Sasa nieleze kosa la California White, ambalo nalo lilinipeleka kugombana, safari hii kwa simu.

California White ni sungura mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Asili yake ni Marekani, miaka ya 1920, mtu aitwaye George West aliwachanganya wa aina tatu akamtafuta wa nyama na ngozi. Niliagiza jike kutoka bara, kwenye baridi, nikalipa vizuri na nauli ya basi juu. Alifika mrembo, masikio meusi kama yaliyochovywa kwenye wino. Hiyo ilikuwa Novemba. Kufika Machi, kaskazi imekatika, joto limekaa juu ya nyuzi 30 kila siku na hakuna hata jani linalotikisika, akabadilisha manyoya, na masikio yakarudi rangi ya chai ya maziwa. Pua ikawa kama ameguswa kwa kidole chenye kahawa. Nikampigia muuzaji. Nilimwambia mambo ambayo leo siyarudii. Kwa ufupi, kwamba amempaka rangi ya viatu. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, wewe uko wapi vile?" Nikamwambia Malindi. Akasema, "Basi ndiyo hiyo," akakata.

Niliona ni ufidhuli. Kumbe alinijibu.

Jeni ya sungura huyu iko palepale palipo na buibui la Bafta, ila yake si mbovu kabisa. Inatengeneza kimeng'enya, yaani kile kinachoipika rangi, ambacho hakivumilii joto. Mwilini, penye joto, kinakufa kazi, manyoya yanatoka meupe. Masikioni, puani, miguuni na mkiani, ambako damu inapoa, kinafanya kazi, manyoya yanatoka meusi. Kwa hiyo weusi wake ni ramani ya ubaridi. Huko kwenye maabara waliwahi kunyoa kiraka mgongoni kwa sungura wa jeni hii, wakafunga barafu juu yake, na manyoya yakaota meusi. Malindi mwezi wa tatu hata sikio halipoi. Ilipofika Julai, kusi inavuma na usiku watu wanatafuta shuka, akaota mapya, na masikio yakakolea tena. Hayakufika ule wino wa bara, lakini ilitosha mimi kuona haya.

Nilikuja kuliona hili kwa macho yangu zaidi, Mei, usiku wa mvua ya masika. Asubuhi nilimkuta mtoto wake mmoja ameburutwa nje ya kisanduku, labda aling'ang'ania chuchu mama yake alipotoka. Alikuwa na siku tano, baridi kama samaki. Nilimtia kifuani ndani ya dera, nikachoma mahamri naye humo, na kufika sinia la tatu akaanza kupiga teke. Nikamrudisha. Siku zilivyokwenda, wenzake walitoka weupe safi, yeye akatoka na wingu la kijivu mgongoni, kama mtu aliyemfutia masizi ya sufuria. Mpishi wangu wa hoteli alimwona akasema huyu ana ugonjwa. Hakuwa na ugonjwa. Usiku ule mmoja ulikuwa umeandikwa juu ya mwili wake. Alipobadilisha manyoya mara ya kwanza wingu likaondoka lote, akafanana na nduguze nikawa simjui ni yupi.

Muuzaji yule wa bara nilimpigia tena kumtaka radhi. Akaniuliza kama nataka na dume.

Joto lenyewe, kwa yeyote anayefikiria kuanza huku Pwani, ni habari kubwa kuliko rangi zote. Dume likipata joto kali kwa siku kadhaa mbegu zake hufifia, unampandisha jike mara tatu na hakuna kitu. Paa la mabati nimeliondoa, nimeweka makuti, na Februari na Machi naweka chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya vizimba. Wanazilalia kama mito. Nimesema la kusema hapo.

Lililobaki ndilo ambalo nilikuwa nalizungushia.

Watoto wa Idi hawataki mweupe, wala wa porini, wala Jivu. Wanataka wa madoadoa. Nilipata dume la madoa meusi juu ya weupe, mgongo na masikio na duara la jicho, nikamwita Kanga. Kwa jike wa rangi moja, Kanga alitoa nusu madoa, nusu rangi moja, karibu kila uzao. Wa madoa nilimuuza shilingi 800, wa rangi moja 500 na kubembelezana juu. Nikafanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeifanya. Nikamweka Kanga na jike wa madoa. Madoa kwa madoa, wote watatoka madoa, na Idi hii nitanunua friji.

Hawakutoka wote madoa. Baadhi walitoka rangi moja, jambo lililonishangaza kidogo. Na baadhi walitoka karibu weupe, masikio yenye rangi, kialama kidogo upande mmoja wa pua, duara la jicho, basi. Hao walikuwa wazuri kupita wote. Macho meusi kwenye uso mweupe, kama mtoto aliyepakwa wanja. Katika uzao wa mara tatu, watoto ishirini na watatu, sita walikuwa wa namna hii. Nikawapangia shilingi 1,000.

Jambo la madoa ni kwamba jeni moja ya madoa inampa mnyama madoa, jeni mbili zinampa huyu. Wafugaji wa ng'ambo wanamjua, wanamwita Charlie. Na jeni hiyo haikai kwenye manyoya peke yake. Ina mkono kwenye seli za rangi, na ina mkono pia kwenye zile seli zinazousukuma utumbo. Akiwa nayo mara mbili, utumbo mpana hutanuka na kulegea, chakula hakisogei kama inavyotakiwa. Binti yangu alikuwa ameshakwenda chuo wakati huo, na mimi sikumwuliza mtu. Nilikuwa naona ninajua.

Wa kwanza alianza kuacha majani akiwa na miezi mitatu. Choo chake kilikuwa kikubwa, chepesi, hakina ile duara ngumu ya punje ya mbaazi niliyoizoea. Tumbo likajaa kama mpira. Nilimpa maji, nikampa mapapai, nikamkanda kwa mafuta ya nazi. Akafa. Nikasema ni majani yenye umande. Wa pili akafa vilevile, nikabadilisha majani. Wa tatu nilimpasua, maana mkono wangu umeshazoea kupasua sungura na najua ndani kunavyokaa. Utumbo ule ulikuwa kama soksi iliyojazwa mchanga wa pwani. Ndugu yake wa madoa, uzao mmoja, kizimba kimoja, majani yaleyale, alikuwa anatafuna nyuma yangu.

Lakini kabla ya huyo wa tatu nilikuwa nimeshauza mmoja. Baba mmoja alimchukua siku tatu kabla ya Idi kwa ajili ya binti yake wa miaka sita. Alirudi baada ya mwezi na kitu, kikapu mkononi, kimefunikwa kwa kitambaa cha mtoto. Hakupiga kelele. Alifunua tu. Sungura alikuwa bado hai, analalia ubavu, anasaga meno, na sungura akisaga meno kwa sauti vile ana maumivu. Baba yule akasema, "Amekataa kula tangu juzi. Mtoto anasema wewe utajua."

Nilimrudishia shilingi elfu moja yake. Nilimwambia achague mwingine, akasema mtoto amesema hataki mwingine. Tulisimama pale, mimi na yeye, tunaangalia kikapu, mpaka adhana ikatupa sababu ya kuachana.

Katika wale sita, mmoja ndiye aliyeishi zaidi ya mwaka, na huyo nimemfuga mwenyewe, namlisha nyasi kavu kwa wingi na kumchunga kama mgonjwa wa sukari. Kanga sikumuondoa. Siku hizi namweka kwa majike wa rangi moja tu. Nusu kwa nusu. Wateja wakiniuliza wale weupe wenye wanja wako wapi, nawaambia sizalishi tena, na wakitaka sababu nawapa, hata wakichoka kusikia. Muuzaji mmoja wa hapa mjini bado anawazalisha. Nilikwenda kumwambia. Akaniambia sungura wanakufa siku zote.

Mwezi uliopita babu alikuja kwangu, jambo asilolifanya, maana miguu haimruhusu sana. Akakaa barazani, akakubali chai. Akasema amesikia nina sungura wa rangi ya moshi. Nikamtolea Jivu. Akampuliza mgongoni, mwenyewe, bila kufundishwa. Sijui nani alimwonyesha.

"Mimi nilipata mtoto wa rangi hii," akasema. "Zamani. Kwa dume hili hili. Nikadhani ana utapiamlo, nikamchinja."

Chai yangu ikapoa mkononi. Kama dume lake limewahi kutoa wa rangi ya moshi, basi ile rangi ya porini yake inaficha jeni ya kuzimua, na weusi pia. Kwa Jivu, ambaye kwa mambo hayo mawili hana cha kuficha, yote mawili yaliyojificha kwa dume yana nafasi ya kutokea. Nikamweleza. Akasikiliza kwa subira ya mtu aliyeshaamua.

"Lile deni," akasema. "Dume langu liliitwa mwizi. Sasa liitwe kwa heshima, kupitia mlangoni."

Kwa hiyo tulilibeba, mimi na mjukuu wake, ndani ya kapu la ukili, tukapita barabarani mchana kweupe, watu wanatutazama, tukaingia kwa mlango. Jivu hakukawia. Babu anasema watatoka wote wa porini kama baba yao, kwa kuwa dume lake ni dume. Mimi nimeweka mahamri ishirini kwamba angalau mmoja atakuwa wa moshi. Alhamisi ni siku ya 31, na asubuhi hii Jivu ameanza kujing'oa manyoya.